NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika huona mambo mawili kwa mara moja. Kwa kimo cha macho huona milango ya nakshi ambayo wageni huisimamia kuipiga picha. Akiinua uso kidogo huona ukuta uliofura, lipu iliyobanduka kwa mapande, na ncha za boriti zilizooza zikichungulia ukutani. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Leo twataka kusema na wasomaji wetu juu ya ndani ya nyumba hizo, juu ya paa zake na misingi yake, maana humo wamo watu, na watu hao wamo hatarini.

Wapo watakaouliza: gazeti la Chama lina nini na majumba ya kale? Watasema kwamba hayo ni mambo ya watalii na ya wataalamu, na kwamba mfanyakazi ana shida nyingine za kumtosha. Twawajibu kwa heshima kwamba hawakuona sawasawa. Wakaao katika nyumba hizo si mizimu ya mabwana waliokwisha kufa. Ni mfanyakazi wa bandarini, ni mwalimu wa shule, ni muuza samaki wa Malindi, ni mjane aliyeachiwa vyumba viwili na wajukuu wanne. Na yule apandaye juu ya ukuta uliolegea ili autengeneze ni mwashi na kibarua wake, watu wa jasho, ambao mara nyingi hawana kofia ngumu kichwani wala kamba kiunoni.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Seyyid Barghash, iliporomoka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Watu 2 walipoteza maisha yao. Jumba hilo halikuwa limesahauliwa. Lilikuwa mbele ya macho ya serikali na ya dunia nzima, kwa kuwa tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ikiwa jumba mashuhuri namna ile liliweza kuanguka hali mafundi wamo kazini, tusemeje juu ya nyumba ya urithi iliyojificha Kiponda au Sokomuhogo, ambayo ufa wake haujapata kupimwa na mtu yeyote?

Mji huo una majengo yapatayo 1,700, na mengi katika hayo yalijengwa katika karne ya 19. Historia ya umiliki wake si nyepesi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ilitwaa majumba mengi, na waliokosa pa kulala walipata pa kulala. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ikawa ya familia tano au sita, kila moja ikilipa kodi ndogo kwa chumba chake, wala hakuna hata moja iliyoliona paa kuwa ni lake. Kuanzia miaka ya 1980 nyingi ziliuzwa, na baadhi yake zimekuwa hoteli na maduka. Nyingine ni mali ya Wakfu. Zilizobaki zi mikononi mwa warithi, na hizo ndizo tutakazo kuzisema zaidi, kwa sababu dawa yake imo mikononi mwa wananchi wenyewe.

Nyumba ya ukoo hufa namna gani? Mzee aliyeijenga au kuinunua hufariki. Watoto hurithi kwa mafungu, kisha wajukuu hurithi mafungu ya mafungu, hata mwisho nyumba moja ina wenyewe ishirini na zaidi, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mombasa, mwingine Maskat, na mwingine hajulikani alipo. Aliyebaki ndani ya nyumba husema: kwa nini nitoe fedha zangu kutengeneza mali ya watu wote? Aliye mbali husema: kwa nini nitoe fedha zangu kwa nyumba nisiyoikaa? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Huku ndugu wanabishana, mvua haibishani na mtu. Bati moja hung'oka kwa upepo wa kusi, maji huingia, na boriti za ghorofa ya juu huanza kuoza. Kisha hutokea mnunuzi mwenye fedha mkononi, naye hununua fungu la mmoja, halafu la wa pili, na yule mjane wa vyumba viwili hujikuta mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kufa, nayo ni njia ya kuacha. Iko njia ya pili ambayo twaichukia zaidi kwa sababu hujivika nguo ya maendeleo. Hiyo ni njia ya kutengeneza vibaya. Ndugu mmoja hupata fedha, husema, "Sasa tunaifanya nyumba mpya," naye huagiza saruji, nondo na vigae. Baada ya miezi mitatu nyumba yang'ara. Baada ya masika matatu au manne yavimba, yapasuka, nayo imekuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Fedha zimekwenda, na ndugu wengine hupata sababu ya kusema kwamba nyumba za kale hazitengenezeki.

Ili tupate kuelewa kosa liko wapi, yatupasa tujue nyumba hizo zimejengwaje. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa na kufungwa kwa chokaa na udongo, nao huwa mnene, pengine nusu mita au zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vingi havipiti upana wa mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto kwa unene mkubwa, na zamani watu walikusanyika kuipiga kwa vipande vya miti, siku hata siku, huku wakiimba, hata ikashikana na kuwa sakafu. Ukuta husitiriwa kwa lipu ya chokaa, na mwisho kabisa kwa chokaa laini ile ambayo waashi wa zamani waliiita niru.

Sasa, matumbawe na chokaa ni vitu vyenye vitundu. Maji hupanda kutoka ardhini na kuingia ukutani, nayo hutoka tena kwa njia ya lipu, yakachukuliwa na upepo. Wazee walisema nyumba yapumua, na hawakukosea. Ukipaka saruji juu ya ukuta huo umeuziba pumzi. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa nyayo za ukuta sasa hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Udongo ulio kati ya mawe hulainika. Chumvi iliyomo katika mawe ya pwani huyeyuka, kisha hukauka nyuma ya saruji na kufanya chembe ambazo husukuma lipu nje. Tena saruji ni ngumu na ukuta ni laini, hivyo ukuta unapotulia kidogo saruji hupasuka. Maji ya mvua hupenya katika ufa ule yasiweze kutoka tena. Lipu ya saruji inapoanguka haianguki peke yake. Hubandua na mawe pamoja nayo.

Hatusemi kwamba saruji ni adui. Saruji imejenga mashule na mahospitali yetu, nayo ni kitu chema mahali pake. Twasema kwamba kila mwili una dawa yake, na asiyejua ugonjwa asishike kisu.

Basi, yapasa kazi ianzie wapi? Ianzie juu. Adui wa kwanza wa nyumba ya kale ni maji, na maji mengi hutoka paani. Kabla ya rangi, kabla ya vigae, kabla ya mlango mpya, yatengenezwe mabati, yasafishwe milizamu ya kuteremshia maji, na maji hayo yapelekwe mbali na ukuta. Zipo nyumba ambazo zingeishi miaka mingi zaidi kwa kazi ya siku chache ya kuondoa majani na mchanga katika milizamu kabla ya masika kuingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo tumeyasikia tangu utotoni hata tumeyachoka, lakini katika Mji Mkongwe ni hesabu ya fedha na ya roho.

Baada ya paa, zitazamwe boriti, hasa ncha zake zilizofichwa ukutani, maana boriti yaweza kuwa nzima katikati na kuoza mwishoni. Fundi mwenye busara hugonga kwa nyundo na kusikiliza. Iliyooza hubadilishwa moja baada ya moja, sakafu ikiwa imeegemezwa vizuri kwa nguzo kutoka chini, wala hazing'olewi zote kwa siku moja. Kisha zije kuta: ondoa saruji iliyopakwa zamani, tomea mashimo kwa mawe madogo na chokaa, uache pakauke, ndipo upige lipu kwa tabaka nyembamba, kila moja ikingojewa. Chokaa yenyewe haina budi iwe imelowekwa na kukaa wiki nyingi, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Inapokuwa ukutani inyunyiziwe maji isikaushwe na jua. Kazi ya namna hiyo huanzwa masika yakiisha. Anayefumua paa mwezi wa Machi ajilaumu mwenyewe.

Mtu atasema: je, tukae kama walivyokaa watu wa mwaka 1880? La, hasha. Nyumba ni ya kukaliwa, nasi hatutaki wananchi wageuzwe walinzi wa makumbusho wasio na mshahara. Mama anastahili jiko lisilomtia moshi machoni, na mtoto anastahili choo kilicho safi na taa ya kusomea. Lakini mambo hayo mapya yafikiriwe pamoja na nyumba, yasirundikwe juu yake. Tangi la lita 1,000 likijazwa huwa na uzito wa kilo 1,000, tani nzima, na boriti zilizowekwa na babu hazikuhesabiwa tani hiyo. Choo kikiwekwa ghorofani, bomba lake likivuja kidogo kidogo ndani ya ukuta, laweza kuangusha chumba bila ya mtu kusikia tone. Basi bafu na majiko yapangwe upande mmoja, moja juu ya jingine, na mabomba yapite mahali yanapoonekana ili yakivuja yajulikane. Waya za umeme zilizochakaa zibadilishwe zote na fundi aliyehitimu. Na mwenye kutaka kuondoa ukuta ili apate ukumbi mpana akumbuke kwamba kuta hizo zashikana mikono, na ukiondoa mmoja umezilegeza nyingine. Wala asithubutu kuongeza ghorofa ya zege juu ya nyumba ya matumbawe.

Sheria nayo ipo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na sheria yake mpya ilipitishwa mwaka 2010. Anayetaka kubadili nyumba katika eneo la hifadhi hana budi kuomba kibali. Twajua kwamba watu wengi hukiona kibali kuwa ni kikwazo, na pengine wana haki ya kulalamika wanapoambiwa njoo kesho. Lakini kibali chafaa kiwe ndiyo saa ambayo mwenye nyumba hukutana na mtu ajuaye, akaambiwa ukuta upi usiguswe. Kwa hiyo twawaambia wananchi: msijenge usiku kwa kujificha. Na twawaambia watumishi wa ofisi hiyo: mwananchi anayekuja kuomba msije mkamchosha hata akaona afadhali kujificha.

Sasa twarudi kwa warithi, maana chokaa haiwezi kuunganisha ukuta ikiwa wenye ukuta wametengana. Ushauri wetu ni huu. Wakutane, na walio mbali wawakilishwe. Wamchague mmoja, mwanamume au mwanamke, wampe madaraka kwa maandishi. Fundi aitwe aitazame nyumba nzima na kuandika yapasayo kufanywa kwanza, ya pili na ya tatu. Kila mrithi atoe kwa kadiri ya fungu lake. Asiye na fedha lakini akaaye humo atoe usimamizi wake na mikono yake. Ikiwa chini pana duka, kodi ya duka iwe ya paa mpaka paa liishe. Na kila senti iandikwe, kwani mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Tumeona ugomvi mwingi wa ndugu, na mara nyingi haukuanza kwa wizi. Ulianza kwa kukosa daftari.

Si lazima nyumba nzima imalizike kwa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza paa, wa pili boriti, wa tatu kuta: nyumba iliyostahimili zaidi ya miaka 100 itawangojea ikiwa mmekwisha kuiondolea maji. Zamani jirani walikuja kupiga sakafu ya jirani, nao walipikiwa chakula na kushukuriwa. Msaragambo huo haukuwa umaskini, ulikuwa ni akili. Matawi ya Chama mitaani, na vijana wake, wanaweza kuufufua kabla ya kila masika kwa kusafisha milizamu na mitaro ya wazee na wajane wasio na wa kuwapandia juu.

Tusimsahau fundi. Ufundi wa chokaa haujifunzwi kwa siku mbili. Katika miaka ya 1990, Zahanati ya Zamani iliyoko barabara ya Mizingani, jumba lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887, ilikarabatiwa na shirika la utamaduni la Aga Khan, na jumba lililokuwa linakufa likasimama tena kwa mikono ya waashi na maseremala. Hilo lathibitisha kwamba kazi hii yawezekana. Lakini wazee wenye ujuzi wanapungua, na kijana hawezi kuushika ufundi ambao haumlishi. Mwenye nyumba anayemchagua fundi wa bei ya chini kuliko wote, kisha akampunja hata hiyo, asistaajabu nyumba ikimpunja naye. Twataka vyuo vya ufundi vifundishe chokaa pamoja na zege. Twataka kibarua apewe kofia, viatu na ngazi madhubuti, na ukuta uegemezwe kabla hajatumwa chini yake. Hatutaki tena kusoma habari kama zile za Desemba 2020.

Hatufichi kwamba njia hii ina gharama zake. Kazi ya chokaa ni ya polepole. Kuichoma chokaa kwahitaji kuni nyingi, na boriti hutoka katika mikoko ambayo ndiyo kitalu cha samaki wetu, hivyo ukataji wake wahitaji kibali na hadhari. Hiyo ni sababu nyingine ya kutunza mapema, kwani boriti iliyookolewa na bati moja ni mkoko mmoja uliobaki baharini. Na pale isipopatikana boriti njema, mbao zilizotiwa dawa zaweza kufanya kazi yake kwa shauri la mtaalamu.

Kwa serikali tuna neno moja, nalo twalisema kwa sababu ni yetu. Zipo nyumba za umma na za Wakfu ambamo wapangaji wamekaa miaka mingi wakingoja paa. Hatuwezi kumhubiria mrithi maskini atengeneze chake ikiwa cha umma chavuja. Kodi ndogo ni jambo jema kwa mnyonge, lakini kodi ndogo pasipo matengenezo ni zawadi yenye sumu. Mpangaji asihamishwe kwa hila ya ukarabati kisha akakuta chumba chake kimekuwa cha wageni. Atolewe kwa usalama, ipigwe kazi, naye arudi. Hapo ndipo watu watakapoamini kwamba hifadhi ya mji ni hifadhi yao.

Ndugu wasomaji, nyumba ya ukoo haikujengwa na fedha peke yake. Ilijengwa na wapiga mawe, wachoma chokaa, wakata boriti wa Rufiji na wachukuzi ambao majina yao hayakuandikwa mlangoni. Wengi wao walikuwa watu wanyonge, na wengine hawakuwa hata na uhuru wao. Kuiacha kazi yao ianguke juu ya vichwa vya wajukuu zetu si heshima kwao. Kwa hiyo, kabla ya masika yajayo, kila mwenye fungu katika nyumba ya urithi afanye mambo mawili: apande juu akatazame paa, kisha awaandikie ndugu zake. Mlango wa nakshi waweza kungoja.